Kijana ana bei gani? Jinsi vilabu vya besiboli Marekani vinavyopima vipaji kabla ya uteuzi

Kila mwaka katika mwezi wa Julai, vilabu 30 vya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, hugawana vijana wa ridhaa wanaotoka shule za sekondari na vyuo. Kazi hiyo huchukua siku mbili na raundi 20. Ikimalizika, zaidi ya vijana 600 huwa wamepata klabu, na mamilioni ya dola huwa yameahidiwa watu ambao wengi wao hawajawahi kupokea mshahara wa aina yoyote.

Kwa mfanyabiashara wa huku kwetu mchezo wenyewe unaweza kuwa mgeni, lakini biashara iliyomo ndani yake si ngeni hata kidogo. Mnunuzi analipa leo, taslimu, kwa mali ambayo huenda isitoe mapato kwa miaka mitatu, minne au mitano, na pengine isitoe kabisa. Aliyewahi kupanda mikarafuu au kununua hisa za kampuni changa anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba katika besiboli manunuzi yote yako hadharani tangu mwaka 1965. Mtu anaweza kurudi nyuma na kuona nani alinunua vizuri na nani aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kumbukumbu hizo zinaonyesha jambo moja ambalo mwekezaji mdogo anapaswa kulielewa. Vilabu vinavyofaidika na uteuzi havishindani tu katika kumtambua kijana hodari. Vinashindana katika kuiona tofauti iliyopo kati ya thamani ya kijana na bei yake.

SOKO LENYEWE

Uteuzi wa kwanza ulifanyika Juni 1965, na kijana wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Rick Monday, aliyekwenda klabu ya Athletics iliyokuwa wakati huo mjini Kansas City. Shabaha ilikuwa kuzuia vilabu tajiri visinunue kila kipaji. Kwa hiyo vilabu vilivyofanya vibaya msimu uliopita ndivyo hutangulia kuchagua, ingawa tangu uteuzi wa 2023 nafasi sita za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu ili klabu isipoteze michezo makusudi.

Kijana akishachaguliwa hawezi kwenda kufanya bei na klabu nyingine. Mnunuzi wake ni mmoja tu. Silaha pekee aliyo nayo ni kukataa. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kusema anakwenda chuo, na aliye chuoni anaweza kusema anarudi darasani. Kwa kawaida aliyeingia chuo cha miaka minne hawezi kuchaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21.

Tangu 2012 kila nafasi katika raundi 10 za mwanzo imepangiwa thamani yake kwa dola. Jumla ya thamani za nafasi zote za klabu ndiyo fungu lake la usajili. Klabu inaweza kumlipa mmoja zaidi na mwingine pungufu, mradi jumla isipite fungu. Ikizidisha hutozwa kodi, na ikizidisha kwa zaidi ya asilimia 5 hunyang'anywa nafasi za kuchagua katika miaka inayofuata. Jambo jingine ni kwamba mchezaji wa raundi hizo asiposaini, thamani ya nafasi yake huondoka katika fungu.

Hebu tutazame bei za nafasi ya kwanza katika miaka minne:

2012: Carlos Correa, Houston. Thamani ya nafasi dola milioni 7.2, alilipwa milioni 4.8.
2023: Paul Skenes, Pittsburgh. Thamani ya nafasi dola milioni 9.72, alilipwa milioni 9.2.
2024: Travis Bazzana, Cleveland. Thamani ya nafasi dola milioni 10.57; alilipwa milioni 8.95.
2025: Eli Willits, Washington. Thamani ya nafasi dola milioni 11.08, alilipwa milioni 8.2.

Msomaji ataona kwamba wote wanne walilipwa chini ya thamani ya nafasi zao. Katika mwaka 2024 wa pili na wa tatu, Chase Burns na Charlie Condon, walipata dola milioni 9.25 kila mmoja, yaani zaidi ya aliyekuwa wa kwanza. Sababu yake tutaifikia. Kwanza tuone klabu inanunua nini hasa.

FAIDA INATOKA WAPI

Klabu ikimsajili kijana humpeleka ligi za chini, ambako mishahara ni midogo. Akifika ligi kuu hubaki mali ya klabu hiyo mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ndipo awe mchezaji huru wa kujiuza anakotaka. Katika miaka mitatu hivi ya mwanzo hulipwa kiasi kinachokaribia kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Baada ya hapo mshahara huweza kupangwa kwa usuluhishi, nao hupanda, lakini mara nyingi bado huwa chini ya bei ya soko huria.

Hapo ndipo penye faida. Mike Trout alichaguliwa na Angels mwaka 2009 akiwa wa 25, akalipwa dola milioni 1.215 kusaini. Mwaka 2012 alikuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ya Amerika na mmoja wa wachezaji hodari kuliko wote nchini. Mwaka 2013 klabu ilimlipa dola 510,000. Klabu hiyo hiyo, ilipotaka kumzuia asiondoke, ilimpa mwaka 2019 mkataba wa jumla ya dola milioni 426.5. Tofauti kati ya tarakimu hizo inaonyesha kwa nini vilabu hutuma watu kwenye viwanja vya shule vijijini kuangalia mvulana wa miaka 17.

Paul Skenes naye alichaguliwa Julai 2023 na kufika ligi kuu Mei 2024. Mwaka huo alikuwa chipukizi bora wa Ligi ya Taifa, na mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora. Dola milioni 9.2 za kumsajili zinaonekana nyingi mpaka uulize mrushaji wa kiwango hicho angegharimu kiasi gani sokoni.

VIPIMO MATANO

Kwa asiyeufahamu mchezo, mrushaji hutupa mpira kutoka umbali wa mita 18.4, na mpigaji mwenye gongo hujaribu kuupiga. Mpira wa kasi hufika katika muda wa sekunde 0.4 hivi. Ndiyo maana mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 huhesabiwa kuwa hodari.

Wasaka vipaji humpima mchezaji wa uwanjani kwa mambo matano: shabaha ya kupiga, nguvu ya kupiga, mbio, nguvu ya mkono wa kurusha, na uwezo wa kudaka na kulinda eneo. Kila kimoja hupewa alama kati ya 20 na 80. Alama 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, si wastani wa vijana wenzake. Kwa hiyo kijana anayepewa 50 katika jambo lolote akiwa na miaka 18 tayari ni mtu wa kuangaliwa. Alama 80 ni nadra sana.

Baadhi ya vipimo havina ubishi. Mpigaji wa mkono wa kulia anayekimbia mita 27.4 hadi kituo cha kwanza kwa sekunde 4.3 hupata takriban 50, na anayetumia sekunde 4.0 hukaribia 80. Mdakaji huhesabiwa muda kuanzia mpira unapogonga glavu yake mpaka unapodakwa kituo cha pili, na sekunde 2.0 ni za kawaida. Kasi ya mrushaji husomwa kwa rada. Mpira wa kasi wa wastani katika ligi kuu siku hizi ni wa kilomita 151 hivi kwa saa, na wachache hupita 160.

Ugumu uko kwenye shabaha ya kupiga. Saa ya mkononi haiwezi kuonyesha kama kijana ataweza kutofautisha mpira ulionyooka na unaopinda mbele ya warushaji wakomavu. Nacho ndicho kipimo kinachobeba vingine vyote, kwa sababu nguvu ya kupiga haina faida kwa mtu asiyeugusa mpira.

Aidha, kila kipimo huandikwa mara mbili, yaani uwezo wa leo na uwezo unaotarajiwa. Mvulana anaweza kuandikiwa 30 leo na 55 kesho. Mfanyabiashara atatambua kwamba tarakimu ya kwanza inafanana na hesabu za mwaka uliopita, na ya pili na makadirio ya mauzo yaliyomo kwenye waraka wa kuuza hisa. Nafasi iliyo kati yake ndiyo hatari ya hasara. Jinsi inavyokuwa pana ndivyo mnunuzi anavyopaswa kudai punguzo.

TAKWIMU NA MAZINGIRA YAKE

Aliyezoea kusoma hesabu za kampuni anajua kwamba faida kubwa inaweza kutokana na mwaka mzuri wa mvua badala ya uongozi mzuri. Takwimu za vijana zina tabia hiyo hiyo.

Kwanza, vyuo hutumia magongo ya chuma au ya mchanganyiko, wakati wachezaji wa kulipwa hutumia ya mbao. Mpira uliopigwa vibaya kwa chuma unaweza kwenda mbali, lakini kwa mbao hufia karibu. Mwaka 2011 vyuo vilianza kutumia kanuni mpya iliyopunguza nguvu ya magongo hayo, lakini tofauti haikuisha. Kwa sababu hiyo wasaka vipaji hujaa kila kiangazi katika ligi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, ambako wanafunzi wa vyuo hucheza kwa magongo ya mbao dhidi ya wenzao walio bora. Wiki chache za huko zinaweza kupandisha au kushusha bei ya kijana kuliko msimu mzima wa chuoni.

Pili, mahali pa kuchezea. Penye mwinuko mkubwa hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Tatu, mpinzani. Mvulana anayepiga warushaji wa shule ndogo hajathibitisha lolote. Nne, hali ya hewa. Trout alisoma Millville, New Jersey, ambako majira ya kuchipua ni baridi na michezo ni michache kuliko Florida au California. Wanunuzi wengi hawakumwona mara za kutosha, na waliomwona hawakuwa na wa kumlinganisha naye. Vilabu vilivyotangulia vilimpita, na Angels wenyewe walikuwa na nafasi mbili mfululizo, ya 24 na ya 25, wakamtaja kwenye ya pili.

Siku hizi mitambo ya rada na kamera hupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, mzunguko wa mpira uliorushwa na njia ya gongo. Tangu 2021 ligi huendesha pia kambi maalumu ya vipimo kabla ya uteuzi. Mambo hayo yamepunguza ubishi juu ya kilichotokea. Hayajaondoa ubishi juu ya kitakachotokea.

UMRI HUFICHA BEI

Vijana wawili wanaomaliza sekondari mwaka mmoja wanaweza kupishana umri kwa mwaka mzima. Wakipewa alama sawa, mdogo ndiye mwenye thamani zaidi, kwa kuwa amefikia kiwango hicho mapema na ana muda wa kukua. Jambo hili ni dhahiri likishasemwa, lakini vilabu vilikuwa havilihesabu ipasavyo kwa miaka mingi. Mwaka 2011 mwandishi Rany Jazayerli alichambua uteuzi wa miaka ya nyuma na kuonyesha kwamba wanafunzi wa sekondari waliokuwa wadogo sana siku ya kuchaguliwa walizaa matunda zaidi kuliko wakubwa waliochaguliwa kwenye nafasi zinazolingana.

Trout alikuwa hajatimiza miaka 18 alipochaguliwa. Correa alikuwa na miaka 17, na Willits vilevile. Hivi sasa tarehe ya kuzaliwa huandikwa karibu na jina katika kila orodha. Taarifa iliyokuwa faida ya wachache imekuwa mali ya wote, na bei imeshajumuisha faida hiyo.

SEKONDARI AU CHUO?

Hali kama hiyo ilitokea katika mjadala wa zamani kuliko wote. Katika miaka ya 1980 mtafiti Bill James alionyesha kwamba wachezaji wa vyuo walikuwa wakileta faida kubwa kuliko wa sekondari waliochaguliwa mahali pamoja. Sababu ni rahisi: wa chuo ameshapimwa kwa miaka mitatu zaidi, na majeraha na udhaifu wake vimekwisha kuonekana.

Klabu ya Oakland, ambayo haikuwa na fedha nyingi, iliifanyia kazi hoja hiyo mwaka 2002. Ilikuwa na nafasi saba kabla ya raundi ya pili, na zote saba ikachukua wanafunzi wa vyuo. Habari hiyo ilijulikana sana kupitia kitabu cha Michael Lewis kiitwacho Moneyball, kilichotoka 2003.

Matokeo yake yanastahili kutazamwa kwa makini. Nick Swisher, Joe Blanton na Mark Teahen walidumu ligi kuu kwa miaka kadhaa. Jeremy Brown, mdakaji mnene ambaye wasaka vipaji wengi walimdharau, alisainiwa kwa dola 350,000 na alicheza michezo 5 tu ya ligi kuu. Wakati huo huo, mara baada ya Oakland kumtaja Swisher kwenye nafasi ya 16, Philadelphia walimchukua Cole Hamels wa sekondari, ambaye alikuwa amewahi kuvunjika mkono na bei yake ilikuwa imeshuka. Hamels alikuwa mchezaji bora wa fainali za 2008 zilizowapa Philadelphia ubingwa. Baada ya Blanton kwenye nafasi ya 24, San Francisco walimchukua Matt Cain, naye wa sekondari, ambaye alikuwa nguzo ya warushaji wao kwa muongo mzima.

Oakland hawakukosea katika hesabu zao. Kununua mali iliyodharauliwa ni mwenendo mzuri. Lakini "chuo" au "sekondari" ni jina la kundi tu, na ndani ya kila kundi kuna mali nzuri na mbovu. Baada ya vilabu vingine kusikia habari hizo, wachezaji wa vyuo wakapanda bei na unafuu ukapungua.

MKONO NA DAKTARI

Hakuna mali inayoharibika upesi kama mkono wa mrushaji. Tangu 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kubadili kano ya kiwiko, tiba hiyo imeokoa wengi. Lakini majeraha yenyewe yameongezeka. Ripoti ya ligi iliyotolewa Desemba 2024 ilitaja chanzo kimojawapo kuwa ni mbio za kutafuta kasi zaidi, na kurusha kwa nguvu zote kila mara, tabia inayoanzia utotoni. Kwa maneno mengine, kile kinachopandisha bei ya kijana ndicho kinachohatarisha kiwiko chake. Soko linamlipa ajiumize.

Kisa cha Brady Aiken kinaonyesha uzito wa jambo hili kwa pande zote mbili. Mwaka 2014 Houston walimchagua wa kwanza, wakakubaliana dola milioni 6.5. Baada ya vipimo klabu ikawa na mashaka na kano ya kiwiko chake, ikashusha bei, na dakika za mwisho ikafikia dola milioni 5. Kijana na washauri wake wakakataa. Muda ukapita bila kusaini. Thamani ya nafasi yake ikaondoka katika fungu, na kijana mwingine wa raundi ya 5 aliyekwisha kukubaliana na klabu naye akakosa mkataba, kwa sababu fedha hazikuwepo tena.

Machi 2015 Aiken alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Cleveland walimchukua mwaka huo kwenye nafasi ya 17 kwa bei ndogo zaidi, na hakufika ligi kuu. Houston walifidiwa nafasi ya 2 katika uteuzi wa 2015, wakamchukua Alex Bregman, aliyekuja kuwa mmoja wa nyota wao. Klabu ilikuwa na mali nyingi, ikaweza kupoteza moja na kufidiwa. Kijana alikuwa na kiwiko kimoja.

Kanuni zimerekebishwa kidogo tangu hapo. Kwa mkataba wa kazi wa 2022, kijana miongoni mwa wanaotarajiwa zaidi akikubali kupimwa afya kabla ya uteuzi, klabu itakayomchagua lazima impe ahadi isiyopungua asilimia 75 ya thamani ya nafasi. Anayefunua vitabu vyake mapema analindwa.

BEI YA KUKUBALI

Sasa turudi kwenye swali la bei za nafasi ya kwanza. Mwaka 2012 Houston hawakuwa na kijana mmoja aliyewazidi wenzake kwa mbali. Walimchukua Correa, mlinzi kutoka Puerto Rico, ambaye alikubali dola milioni 4.8 badala ya 7.2. Akiba ya milioni 2.4 haikurudi benki. Ilisaidia kumshawishi Lance McCullers Jr., mrushaji wa sekondari aliyekuwa ameteremka hadi nafasi ya 41 kwa kuwa alitaka fedha nyingi. Alipewa dola milioni 2.5, takriban mara mbili ya thamani ya nafasi yake. Rio Ruiz wa raundi ya 4 naye akapewa milioni 1.85.

Correa alikuwa chipukizi bora wa ligi ya Amerika mwaka 2015. McCullers na Correa wote walikuwemo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2017. Ruiz aliuzwa Atlanta mwaka 2015 pamoja na wengine ili kupata mpigaji aliyekomaa. Kwa gharama inayokaribia thamani ya nafasi hiyo ya kwanza moja na robo hivi, Houston walipata mali tatu zenye soko.

Ndiyo maana siku za mwisho kabla ya uteuzi wasaka vipaji huacha viwanja na kushika simu. Swali linakuwa: kijana huyu atakubali kwa kiasi gani? Wakala anayejua kucheza karata anaweza kusambaza bei kubwa ili kuwafukuza wasiotakiwa, mteja wake ateremke mpaka kwenye klabu yenye fungu nono.

Hata hivyo unafuu peke yake si sababu ya kununua. Mwaka 2004 San Diego waliogopa madai ya vijana waliokuwa juu yake katika orodha, wakamchagua Matt Bush, mwenyeji wa mji wao, kwa dola milioni 3.15. Hakufika ligi kuu kama mlinzi aliyekusudiwa. Alifika 2016 akiwa mrushaji wa klabu nyingine. Aliyechaguliwa wa pili mwaka ule alikuwa Justin Verlander, ambaye ametwaa Cy Young mara tatu.

NA VIJANA WA KWETU?

Uteuzi huu huwahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, pamoja na wanaosoma huko. Wengine husajiliwa moja kwa moja kama wachezaji wa kimataifa. Ndivyo klabu ya Dodgers ilivyowasajili mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Mganda mwingine, mdakaji Dennis Kasumba, alicheza mwaka 2023 katika ligi maalumu ya kuwaonyesha vijana wanaotaka kuchaguliwa. Njia ya chuo nayo iko wazi kwa mgeni: Bazzana, wa kwanza wa 2024, ni Mwaustralia aliyesoma chuo kikuu cha Oregon State.

KOSA HALIEPUKIKI

Wahenga wamesema nyota njema huonekana asubuhi. Kumbukumbu za uteuzi zinaikubali methali hiyo nusu tu. Steve Chilcott alikuwa wa kwanza mwaka 1966, New York Mets wakimpita Reggie Jackson. Chilcott hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu, na Jackson alipiga mipira 563 ya kuvuka uzio. Brien Taylor alikuwa wa kwanza mwaka 1991 na akalipwa dola milioni 1.55. Desemba 1993 aliumia bega katika ugomvi, na hakufika.

Kwa upande mwingine, Albert Pujols alichaguliwa wa 402 mwaka 1999 akamaliza kazi na mipira 703 ya kuvuka uzio. Julai 2016 watu wawili waliingizwa siku moja katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown. Mmoja alikuwa Ken Griffey Jr., wa kwanza kabisa mwaka 1987. Wa pili alikuwa Mike Piazza, aliyechaguliwa wa 1,390 mwaka 1988, raundi ya 62, kwa hisani ya rafiki wa baba yake.

Mtu anaweza kusema basi vipimo vyote ni kazi bure. Sivyo. Wanaochaguliwa mwanzo hufaulu mara nyingi zaidi kuliko wa mwisho, na ndiyo maana nafasi za mwanzo zina bei. Wasaka vipaji wanajua mambo, ila wanachojua ni uwezekano, si hatima. Anayenunua vijana 20 kwa mwaka anaweza kuvumilia 15 wakipotea. Anayenunua mmoja hawezi.

LA KUCHUKUA

Kwa mwekezaji mdogo anayetazama hisa zinazouzwa kwa mara ya kwanza, au anayeombwa mtaji na kijana mwenye wazo zuri, soko hili la mbali linaacha maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, ninalipia kilichopo au kinachotarajiwa, na kama ni kinachotarajiwa, nimepewa punguzo kiasi gani? Pili, hesabu hizi nzuri zilipatikana katika mazingira gani, na zitabaki hivyo gongo likibadilika kutoka chuma kuwa mbao? Tatu, ninachokijua mimi wengine wanakijua pia? Kama wanakijua, unafuu umekwisha kuliwa. Nne, hii ikipotea yote, nitabaki na nini?

Swali la nne ndilo lililomtenga Houston na Aiken. Vilabu hujenga biashara nzima juu ya jibu lake: hutawanya fungu lao katika nafasi nyingi, huweka akiba hapa na kuongeza pale, na hakuna kijana mmoja anayeweza kuvifilisi. Mwenye laki mbili za shilingi hana nafasi 20 za kuchagua. Afadhali basi anunue kidogo kidogo, mali tofauti, na abakize fedha za kununua tena mwakani.